Uzi maalumu: Manunuzi ya maduka ya bila ushuru ukiwa unaunganisha ndege tatu au nne. Soma safari yako kuanzia mwisho

Binti wa Kirumba (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Mama yangu anakuja kunitembelea huku Minnesota mwezi wa kumi. Hajawahi kuvuka mpaka wowote maishani mwake, na tangu juzi tunashinda kwenye simu tukipanga kipi kiingie begi lipi. Nimeona nisimwambie yeye peke yake, maana humu jukwaani kila msimu wa safari swali ni lilelile: "Nikinunua kitu duka la bila ushuru pale Dar, kitafika?"

Nianze na yaliyonikuta. Mwaka juzi nilitoka nyumbani na asali ya nyuki wadogo ambayo baba aliifuata mwenyewe Tabora. Chupa moja ya nusu lita. Niliitia begi la mkononi kwa kuogopa itapasuka huko chini kwenye mizigo. Ndege ya kwanza ilikuwa ya ndani ya nchi, nikapita nayo salama. Uwanja uliofuata mkaguzi akaitoa, akaniangalia, akaiweka kwenye pipa. Niliomba hadi nikaona watu nyuma yangu wananung'unika. Baba alisafiri na basi usiku kucha kwa ajili ya ile chupa.

Nikavuka, nikanunua marashi ya mama mkwe kwenye duka la bila ushuru, mililita 125. Muuzaji akayatia kwenye mfuko wa kawaida wa karatasi, hakuniuliza naelekea wapi, na mimi sikujua kama natakiwa kusema. Kufika uwanja wa kuunganishia ndege, tukapitishwa tena kwenye mashine. Marashi nayo yakabaki. Safari moja, hasara mbili, na zote zilitokana na kutojua jambo moja tu.

Jambo lenyewe ni hili. Kwenye viwanja vingi, kimiminika chochote kinachozidi mililita 100 hakipiti kwenye ukaguzi kikiwa begi la mkononi. Kanuni hii imetokana na njama iliyogunduliwa Uingereza Agosti 2006 ya kulipua ndege za kwenda Amerika kwa vilipuzi vya majimaji vilivyofichwa kwenye chupa za vinywaji. Vya kununua baada ya ukaguzi vinaruhusiwa, kwa sababu vimeshaingia eneo salama. Lakini ukishuka ukapitishwa kwenye mashine nyingine, kwa mkaguzi wa pale chupa yako ni kimiminika kama kimiminika kingine. Hajali ulilipa dola ngapi.

Kwa hiyo usipange manunuzi kwa kuanzia nyumbani. Anzia unakoishia, urudi nyuma, ujiulize: mashine ya mwisho nitakayopita iko wapi? Kimiminika kinunuliwe baada ya hiyo. Kama haiwezekani, kiwe kwenye mfuko maalumu uliofungwa, au kiwe ndani ya begi kubwa.

Nitumie njia ya mama: Mwanza, Dar, Doha, Chicago, Minneapolis.

Mwanza hadi Dar ni safari ya ndani, atashukia Terminal 2. Ndege za nje zinaondokea Terminal 3, ile iliyofunguliwa 2019. Tiketi yake ya Mwanza tumeikata peke yake, kwa hiyo atachukua begi lake, atatoka nje, ataenda jengo la pili na kuanza upya. Nimemwekea saa sita katikati. Dada yangu aliona ni nyingi, lakini tiketi zikiwa mbili, ndege ya kwanza ikichelewa hakuna anayelazimika kukungoja wala kukupa nafasi nyingine bure.

Doha abiria wa kuunganisha hukaguliwa tena kabla ya kufika kwenye maduka. Kwa hiyo akinunua kimiminika Dar, lazima kiwe kimefungwa kwenye ule mfuko maalumu. Akinunua Doha, ameshapita mashine.

Chicago ndipo wengi wanapopotea, naomba msome taratibu. Marekani haina utaratibu wa kuunganisha ndege bila kuingia nchini. Uwanja wa kwanza unaotua ndipo unapopita uhamiaji, unachukua begi lako kubwa kwenye mkanda, unapita nalo forodha, kisha unalikabidhi tena lipelekwe mbele. HATA KAMA kibandiko cha begi kimeandikwa MSP, yaani Minneapolis. Wafanyakazi wa kaunta huko nyumbani huwaambia wazee wetu "mzigo utaukuta mwisho", na mzee anatembea moja kwa moja begi likizunguka peke yake kwenye mkanda. Mara nyingi hawadanganyi kwa makusudi, wanasoma kile kibandiko.

Sasa pale kati ya mkanda na kukabidhi begi ndipo nafasi yake. Marashi au chupa yoyote aliyonunua Doha aitumbukize kwenye begi kubwa pale pale, kabla hajalikabidhi. Kwa sababu ndege za kimataifa pale O'Hare, uwanja wa Chicago, hushukia Terminal 5, na akipanda treni ya bure ya uwanja kwenda terminal nyingine, atakaguliwa upya kama mtu aliyetoka mjini.

Karibuni mniongezee. Nitakuwa narudi.

---

Mlamba Lolo

Bibie asante sana, umenifungua. Swali: huo mfuko maalumu ukoje? Mimi kila nikinunua napewa mfuko wenye nembo ya duka, nadhani ndio huo huo.

---

Mzee wa Kaunta

Naomba nijibu hili, nimeuza kwenye duka la bila ushuru nchi moja ya Ghuba kwa miaka sita.

Mfuko wenye nembo ya duka ni wa kubebea tu. Mfuko maalumu ni wa plastiki angavu, kwa kawaida una ukingo mwekundu. Chupa inaingizwa, risiti inaingizwa humo humo kwa namna ambayo inasomeka kutoka nje, kisha mdomo unabandikwa kwa gundi yake. Ukijaribu kuufungua, alama ya kuchezewa inajitokeza, na hata ukiubandika tena mkaguzi ataiona. Wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga ndio walioweka mwongozo wake, ndiyo maana unafanana karibu kila nchi.

Tulikuwa tunatakiwa kuangalia pasi ya kupandia ndege ya kila mteja kujua kama anaunganisha. Sasa foleni ikiwa ndefu na ndege tatu zinaitwa kwa pamoja, muuzaji anaangalia ile pasi ya juu tu. Kwa hiyo msingoje kuulizwa. Kabla ya kulipa sema: "Naunganisha ndege, naishia Minneapolis." Toa pasi zote. Ukiona anakutilia kwenye mfuko wa kawaida, mwombe ule wa kufungwa. Hautozwi hela ya ziada.

Usiufungue njiani hata kidogo. Nimeona mtu ameufungua anuse tu marashi, akaharibu kila kitu. Kwa wanaokwenda Marekani, manunuzi yawe hayajapita saa 48 kwenye risiti, na bado mkaguzi ana haki ya kuukataa mfuko ambao mashine yake haikuridhika nao. Ushauri wa dada wa kutumbukiza kwenye begi kubwa pale Chicago ndio salama zaidi.

Na niseme kuhusu bei, maana wengi wanadhani kila kilicho humo ni nafuu. Kinachopungua ni kodi. Bidhaa yenye kodi kubwa, yaani pombe kali na sigara, ndiyo inayoshuka kweli. Marashi kidogo. Chokoleti, simu, spika, miwani, hapo linganisha kwanza na bei ya mjini, mara nyingi hakuna unachookoa. Kitu kingine: ukilipa kwa kadi, kile kimashine kitakuuliza ulipe kwa fedha ya pale au kwa fedha ya kadi yako. Chagua fedha ya pale. Ukichagua ya kwako, wao ndio wanaopanga kiwango cha kubadilisha, na kamwe hakikufai wewe.

Biashara hii ilizaliwa uwanja wa Shannon, Ireland, 1947, enzi ambazo ndege za kuvuka Atlantiki zilitua pale kuongeza mafuta na abiria wakawa hawana la kufanya. Mwanzilishi wake ni Brendan O'Regan. Dubai walipotaka duka lao mwaka 1983, waliwaita watu wa Ireland kuja kuwaonyesha. Kwa hiyo tangu mwanzo kabisa duka hili lilijengwa kwa ajili ya mtu wa njiani, anayengoja ndege nyingine. Anastahili kuulizwa anakwenda wapi.

---

Binti wa Kirumba

Mzee wa Kaunta, Mungu akubariki. Ningekutana na wewe mwaka juzi mama mkwe angepata marashi yake.

---

Mwana wa Changamwe

Salaam nyote. Miye niko Mombasa, nataka kuongeza la wanaorudi nyumbani, maana uzi wote waelekea nje.

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na mifuko ya maduka ya bila ushuru haikusamehewa. Ukitua, kitoe kitu chako kwenye plastiki, uuache mfuko uwanjani. Tanzania nao wakafuata tarehe 1 Juni 2019, na Rwanda walianza zamani, 2008. Kwa hiyo huo mfuko wenu wa ukingo mwekundu ufunguliwe mwisho wa safari, kisha uachwe hapo hapo. Beba kikapu au mfuko wa kitambaa. Mimi hukunja leso (kanga) moja kwenye begi la mkononi, hunisaidia kwa mengi.

Na kiasi. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ni moja kwetu sote: pombe kali isiyozidi lita moja, au mvinyo usiozidi lita mbili. Marashi na maji ya kunukia jumla nusu lita, na marashi yenyewe yasizidi robo. Tumbaku ya kila aina gramu 250. Uwe umetimiza miaka 18. Hili la robo lita ya marashi watu hawalijui kabisa. Akina mama wetu wakitoka Dubai au Muscat hubeba chupa kumi na mbili za kugawa ukoo mzima, wakifika forodhani waanza kuapa. Gawanyeni kwa idadi ya wasafiri kabla hamjatua, kila mtu na haki yake.

---

Mukwetu wa Lubumbashi

Ndugu zangu, mimi ni Mukongomani, ninaishi Brussels. Munazungumza chupa, lakini kwa sisi shida inaanza kabla ya chupa.

Pasipoti ya Kongo iko kwenye orodha ya nchi 12 ambazo Schengen yote, ni kusema nchi za Ulaya zenye viza moja, inadai viza ya kupita uwanjani. Maana yake hata kama hautoki nje, hata kama unakaa kwenye kiti saa mbili unangoja ndege ya kwenda Montréal, unatakiwa viza. Ethiopia, Eritrea na Somalia nao wako humo. Tanzania na Kenya hawamo kwenye orodha hiyo ya pamoja, ndiyo maana wengi hapa hamuijui. Anayesamehewa ni kama mwenye viza halali ya Kanada, ya Marekani ao ya Japani, ao kibali cha kuishi Schengen. Dada yangu alipita hivyo, viza yake ya Kanada ilimusaidia.

Jambo la pili: angalieni kama munashuka na kuondokea uwanja uleule. Tiketi za bei ndogo zinaunganisha kwa ujanja. Unashuka Paris Charles de Gaulle, ndege yako nyingine iko Orly. London unashuka Heathrow, ingine iko Gatwick. Hapo unavuka mji mzima kwa basi ao treni, unaingia nchini kwa kweli, na viza ya kupita uwanjani haitoshi. Binamu yangu alinunua tiketi ya namna hiyo. Hakuruhusiwa hata kupanda ndege ya kwanza, na pesa hazikurudi.

---

Mlamba Lolo

Kumbe! Mimi nilikuwa naangalia bei na saa tu. Herufi tatu za uwanja sikuwahi kuzisoma.

---

Binti wa Kirumba

Zisome kila mara, mkuu. Istanbul pia ina viwanja viwili, IST upande wa Ulaya na SAW upande wa Asia. Kwenye simu vyote vinatokea "Istanbul".

---

Baba Nora

Nipo Oslo mwaka wa kumi na nne. Samahani dada, mimi sikubaliani na sehemu moja. Mnajichosha bure. Njiani usinunue chochote, nunua unapotua. Hapa uwanja wa Gardermoen kuna duka la bila ushuru la wanaowasili, pale pale kwenye mikanda ya mizigo. Nikitoka Kilimanjaro kupitia Amsterdam nabeba mikono mitupu, nafika, nanunua, natoka nje. Hakuna mfuko wa kufungwa, hakuna mkaguzi.

---

Binti wa Kirumba

Baba Nora, kwa Norway ni kweli, na wanaopitia Dubai au Istanbul kuingia miji hiyo wana maduka ya namna hiyo. Lakini Marekani hayapo. Anayewasili hapa alichonacho ni alichobeba. Uingereza na Umoja wa Ulaya pia wasitegemee. Lakini nakubali: anayeishia penye duka la kuwasili asijitese.

Na pia mama hataki kuja na kitu cha duka la uwanjani. Anataka kuja na vitu vya kwao.

---

Nana wa Chake

Hapo ndipo na mimi nilipokuwa napangoja. Vyakula je? Mwanangu yuko Ujerumani, nataka kumpelekea vya kwetu Pemba.

---

Baba Nora

Shikamoo Nana. Umoja wa Ulaya haupokei nyama wala vitu vya maziwa kutoka kwetu, na hapo samli imo, jibini imo. Samaki huruhusiwa hadi kilo 20 kwa matumizi ya nyumbani. Matunda na mboga mbichi vinataka cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matunda matano tu: nanasi, nazi, ndizi, tende na doriani.

---

Nana wa Chake

Marahaba mwanangu. Yote matano tunayala kwetu! Basi doriani nitampelekea.

---

Mzee wa Kaunta

Nana, forodha ya Ulaya itakubali, ila mashirika mengi ya ndege yanakataa doriani kwa sababu ya harufu. Mpelekee nazi na ndizi. Achari, pilipili ya kusaga na asali vitie begi kubwa, maana kwa mkaguzi kila kinachomwagika au kupakwa ni kimiminika.

Na wanaokwenda Marekani: tangu 2018 wakaguzi wanataka vitu vya unga vinavyozidi mililita 350 visiwe begi la mkononi. Bizari, unga wa ubuyu, unga wa uji, vyote begi kubwa. Na kila chakula kitajwe forodhani. Kikikataliwa baada ya kukitaja, kinachukuliwa tu. Kikikutwa umekificha, ni faini.

---

Dereva wa Ukonga

Dada, mama ni mtu mzima na hajui Kiingereza. Hizo saa za kutembea Doha na Chicago ataziweza? Mimi hupeleka wazee wengi pale Terminal 3, na wengi wao wanaogopa njia kuliko hata ndege.

---

Binti wa Kirumba

Kaka asante kwa kuliona hilo. Nimemwombea kiti cha magurudumu. Miguu yake ni mizima, lakini anayemsukuma ndiye anayemfikisha uhamiaji, kwenye mkanda wa begi na kwenye lango sahihi. Huduma haina malipo, ombeni angalau saa 48 kabla ya safari, na mkumbushe tena kaunta siku ya kuondoka. Nimemwandikia pia karatasi mbili za kuvaa shingoni. Moja ya Kiingereza, yenye njia yake yote na namba ya simu yangu. Nyingine ya Kiswahili, ya kwake, na mstari wa kwanza unasema: "CHICAGO: CHUKUA BEGI LAKO JEKUNDU, HATA WAKIKWAMBIA USICHUKUE."

Kiasi anachoruhusiwa kuingiza: mgeni ana zawadi za dola 100 bila ushuru, sisi wakazi tunaorudi ni dola 800. Pombe lita moja, na uwe na miaka 21. Mama hanywi, kwa hiyo hilo halimhusu.

---

Binti wa Kirumba

MREJESHO. Samahani nimekaa kimya wiki tatu.

Mama amefika. Ndege ya Mwanza ilichelewa saa mbili na dakika arobaini, zile saa sita zikaokoa tiketi. Doha alinunua marashi madogo ya mililita 50 ya mama mkwe, nilimwambia asizidishe, akayaweka pamoja na mafuta yake ya kupaka kwenye kimfuko angavu cha lita moja, kile cha vimiminika vidogo vya begi la mkononi. Hakuna aliyemgusa.

Chicago msukuma kiti alitaka kumpeleka moja kwa moja kwenye treni ya uwanja. Mama akakamata magurudumu kwa mikono yake miwili, akamwonyesha ile karatasi ya Kiingereza, na kidole akakielekeza kwenye mkanda. Begi lilikuwa la nne kutoka mwisho. Kwa ofisa wa forodha alitamka neno moja la Kiingereza nililomfundisha, "food", akafunguliwa, wakaangalia, wakafunga.

---

Mlamba Lolo

Na asali?

---

Binti wa Kirumba

Ilikuwa katikati ya begi, chupa mbili za nusu lita. Kifuniko kimefungwa kwa mkanda wa gundi, kila chupa ndani ya soksi, soksi ndani ya mfuko, mfuko ndani ya kitenge. Baba alizifunga mwenyewe usiku wa kuamkia safari. Nimempigia simu na kuweka kijiko kimoja mdomoni akinisikia.